Mtutu Mpya, Fremu ya Zamani

Alfajiri ya Juni 22, 1915, meli zilizovuka ziwa kutoka Kisumu ziliteremsha askari wa Uingereza ufukweni, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Walikuja kuvunja kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Mapigano yalidumu siku mbili, na miongoni mwa Waingereza waliopigana alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa ameshavuka miaka 60. Huku nyuma, katika vilima vya Kanazi na Kihanja yote, nchi ya Mukama, yaani mfalme, Kahigi, watu walikuwa wameishi robo karne na Wajerumani tangu Emin Pasha alipoweka kituo Bukoba mwaka 1890. Walizijua bunduki zao kwa sauti na kwa moshi.

Moshi ndio unaonihusu hapa. Sehemu kubwa ya askari wa Wajerumani katika koloni hili waliingia vitani mwaka 1914 na Mauser ya mwaka 1871: bunduki ya risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, baruti nyeusi. Kila askari aliyefyatua alijionyesha alipo, maana wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka chake na kukaa hapo. Waingereza waliokuwa wakiwalenga walitumia baruti isiyo na moshi na mitutu ya milimita 7.7. Tofauti ya miaka 40 ya kemia na ufundi wa chuma ilionekana kwa macho, na watu walikufa kwa sababu yake.

Sasa jiulize swali ambalo fundi yeyote angeliuliza. Kitako kizima, triga nzima, fremu ya chuma nzima. Kilichopitwa na wakati ni mtutu na risasi yake. Kwa nini usifungue mtutu wa zamani na kufunga mpya? Jembe likiisha, hapa kwetu mpini hautupwi. Unachonga kidogo, unagonga, unarudi shambani. Bunduki nayo imewahi kufanyiwa hivyo mara nyingi, na mpaka leo wanamichezo wa kulenga shabaha kwa bastola za risasi moja wanabadilisha mitutu juu ya fremu za zamani. Lakini fremu ya bunduki inabebeshwa kitu ambacho mpini hauwezi kukutana nacho hata siku moja, na wengi wanaoulizia mtutu wa kubadilisha wanauliza kama utaingia. Swali la kuanzia ni kama fremu itaubeba.

Tuangalie kinachotokea. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au njano, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele. Ganda linakaa katika chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu iliyotobolewa kwa umbo lake. Nyuma ya ganda kuna kizibo cha chuma kinachoshikiliwa na fremu. Fataki ikigongwa, baruti inageuka gesi ndani ya elfu chache tu za sekunde. Gesi inasukuma pande zote kwa nguvu ileile. Mbele inakisukuma kichwa cha risasi, na hiyo ndiyo kazi tuliyoitaka. Pembeni inasukuma kuta za chemba. Huo ni mzigo wa mtutu, na ndiyo sababu mtutu ni mnene zaidi huku nyuma. Nyuma inalisukuma ganda dhidi ya kizibo, na kizibo kinaiegemea fremu.

Ganda lenyewe linasaidia. Shaba ni laini. Gesi inapolipanua ganda, linashikamana na kuta za chemba, linaziba gesi isirudi kwa mfyatuaji, na linapunguza kidogo msukumo wa kurudi nyuma. Ndiyo maana chemba yenye mafuta ni hatari: ganda linateleza badala ya kushika, na fremu inapokea mzigo wote.

Mzigo huo unahesabika, na hesabu yake haizidi ile ya shule ya msingi. Chukua mgandamizo wa gesi, zidisha kwa eneo la kitako cha ganda. Basi. Mgandamizo mkubwa juu ya ganda jembamba unaweza kuisukuma fremu sawa na mgandamizo mdogo juu ya ganda nene. Mtu akikielewa kipengele hiki kimoja, sehemu kubwa ya historia ya mitutu ya kubadilisha inamfungukia.

Bunduki inayofundisha somo hili vizuri kuliko zote ni Martini. Waingereza waliipokea rasmi mwaka 1871, mwaka uleule wa Mauser ya Wajerumani, nayo ilifika Afrika Mashariki mikononi mwa askari wa kikoloni kabla karne haijaisha. Mwanzo wa fremu yake ni Mmarekani, Henry Peabody, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1862: kizibo kinachoning'inia kwa nyuma na kushuka mbele ili chemba ifunguke. Friedrich von Martini, mhandisi aliyefanya kazi Uswisi, akaiboresha kwa kuweka nyundo na springi ndani ya kizibo chenyewe. Vuta wenzo chini, kizibo kinashuka, ganda la zamani linachomoka. Ingiza risasi, rudisha wenzo, kizibo kinapanda na bunduki iko tayari. Mtutu ulikuwa kazi ya mtu mwingine kabisa, Alexander Henry wa Edinburgh, aliyechora ndani yake mifereji saba inayojipinda. Kwa hiyo jina Martini-Henry lilikuwa hesabu ya mafundi wawili: wa fremu na wa mtutu.

Risasi yake ilikuwa kubwa. Kichwa cha risasi kilikuwa na uzito wa gramu 31, kikasukumwa na gramu 5.5 za baruti nyeusi, kikatoka mtutuni kwa kasi ya meta 400 hivi kwa sekunde. Ganda lilikuwa na tumbo nene kama chupa, kitako chake milimita 17 kwa kipenyo, halafu shingo iliyobanwa hadi milimita 11 na nusu hivi. Lilirudisha pigo begani ambalo askari wa siku zile walilalamikia sana.

Mwaka 1888 Waingereza wakahamia risasi ya .303, ya milimita 7.7, nyembamba na ya kasi. Maghala yalikuwa yamejaa fremu za Martini zilizo nzima. Wakaamua kuzifungia mitutu mipya. Risasi mpya, ilipokuja kujazwa kodaiti, yaani baruti isiyo na moshi, badala ya baruti nyeusi, ilikuwa na mgandamizo mkubwa sana kuliko ile ya zamani. Ungetegemea fremu ya mwaka 1871 ipasuke. Haikupasuka, na sababu iko kwenye hesabu yetu. Kitako cha ganda jipya kilikuwa na kipenyo cha milimita 11.7 badala ya 17. Eneo la duara hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, hivyo eneo likashuka kutoka milimita za mraba 227 hivi hadi 107 hivi, chini ya nusu. Mgandamizo ukiongezeka mara mbili na eneo likipungua kwa nusu, kizibo kinasukumwa kwa nguvu ileile ya awali. Mtutu ndio uliohitaji chuma bora zaidi, na mtutu ulikuwa mpya. Fremu haikuhisi tofauti kubwa.

Umbo la Martini nalo lilisaidia. Kizibo chake kinazunguka kwenye pini, na mtu akitazama kwa haraka atadhani pini ndiyo inayobeba pigo. Sivyo. Sehemu ya nyuma ya kizibo imeviringishwa na kuketi dhidi ya chuma kinene cha fremu, kwa hiyo mzigo unapita moja kwa moja kwenye fremu na pini inabaki na kazi ya bawaba tu. Linganisha na Mauser ya 1871 waliyobeba askari wa Wajerumani: kizibo chake cha kuteleza kilizuiwa na ubavu mmoja tu wa chuma, ule ulio chini ya mkono wa kufungia, ukiegemea daraja la fremu. Msukumo wote ulipita upande mmoja. Fremu ya namna hiyo unaifikiria mara mbili kabla ya kuibebesha baruti mpya. Risasi za Mauser za baadaye zilijengewa kizibo kingine kabisa, chenye meno mawili mbele, na Mauser 98 ndiyo bunduki ambayo kampuni zilizobahatika za askari wa Wajerumani zilikuwa nayo tayari mwaka 1914.

Kubadilisha mtutu wa Martini hakukuwa kufungua na kufunga tu. Mtutu umeshikwa kwenye fremu kwa hesi, mikunjo ile ya parafujo, na hesi lazima ikaze kikamilifu hasa pale ambapo kilengeo cha juu kimesimama wima na tundu la kitoa ganda limeelekea chini. Ikikaza nyuzi chache kabla au baada, bunduki nzima imepinda. Kitoa ganda kilibadilishwa kwa sababu ukingo wa ganda jipya ulikuwa mwembamba na mdogo. Tundu la pini ya kugongea fataki lilirekebishwa, maana fataki inayosukumwa na mgandamizo mkubwa ikiachiwa tundu kubwa itafumuka kurudi ndani ya kizibo. Vilengeo vilipangwa upya, kwani risasi ya kasi haishuki njiani kama ile nzito.

Na mifereji ndani ya mtutu ilibidi ijipinde kwa kasi zaidi. Mtutu wa Henry uliizungusha risasi mara moja katika kila sentimita 56; mtutu mpya uliizungusha mara moja katika kila sentimita 25. Risasi nyembamba na ndefu hupenda kupinduka hewani, na kinachoizuia ni mzunguko. Kadiri inavyokuwa ndefu kulinganisha na unene wake, ndivyo inavyohitaji kuzungushwa haraka zaidi. Mtu anayefunga mtutu wa mzunguko wa taratibu kisha akatumia risasi ndefu ataona matundu kwenye shabaha yamekaa kama tundu la ufunguo: risasi zimefika ubavu.

Mifereji ya kwanza ya mtutu wa .303 ilikuwa ya William Metford, haina kina na pembe zake zimeviringishwa ili masizi ya baruti nyeusi yasing'ang'anie. Silaha ikaitwa Martini-Metford. Kisha kodaiti, inayowaka kwa joto kali, ikaanza kuilamba mifereji ile laini mpaka ikapotea. Kuanzia mwaka 1895 ikaja mifereji mitano ya kiwanda cha Enfield, yenye kina na kona kali, na fremu ileile ikaitwa Martini-Enfield. Fremu moja ya miaka ya 1870 ingeweza kupitia majina matatu, na kila jina la pili ni la mtutu.

Nimekaa sana na Martini kwa sababu inaonyesha upande wa nguvu. Kuna upande wa pili, wa vipimo, ambao kwa bastola za shabaha una uzito uleule.

Risasi nyingi za zamani, .303 mojawapo, zina ukingo uliojitokeza nyuma ya ganda. Ukingo huo unakaa kati ya ncha ya nyuma ya mtutu na uso wa kizibo, na nafasi iliyoachwa hapo ndiyo inayoamua kama ganda litasimama imara au litachezacheza. Katika bunduki za kijeshi za Lee-Enfield za .303, kipimo cha chini kilikuwa milimita 1.63 na cha mwisho kabisa kuvumiliwa vitani milimita 1.88. Robo ya milimita, na ndani yake kuna tofauti kati ya silaha salama na silaha ya kuhukumiwa. Nafasi ikiwa ndogo mno, kizibo hakifungi, au kinafunga kwa kulibana ganda. Ikiwa kubwa mno, gesi inaisukuma sehemu ya nyuma ya ganda kuelekea kizibo wakati kuta zake zimeshikwa na chemba. Shaba inavutika, inakuwa nyembamba karibu na kitako, na siku moja inakatika pale. Gesi iliyotakiwa kwenda mbele inarudi kwenye fremu na usoni mwa mfyatuaji.

Fundi anaipima nafasi hiyo kwa geji za chuma kigumu, vipande vilivyosagwa kwa vipimo kamili. Geji ya kwanza lazima kizibo kifunge juu yake. Ya pili lazima kigome. Hakuna jicho wala mkono wa uzoefu unaoweza kuchukua nafasi ya geji.

Na hapa ndipo mambo yanapomkwamisha mtu aliyenunua mtutu mzuri kwa ajili ya fremu yake ya zamani. Kipimo hicho hakikai kwenye mtutu, wala hakikai kwenye fremu. Kinakaa kati yao. Mtutu uliopimwa na kukubaliwa kwenye fremu moja unaweza kukataliwa kwenye nyingine ya aina ileile, iliyotoka kiwanda kilekile, kwa sababu ya miaka ya kutumika iliyoila fremu ya pili. Muuzaji akisema mtutu "unaingia kwenye aina hiyo", amekueleza nusu ya habari.

Bastola iliyojengwa makusudi kwa mitutu ya kubadilisha ni Contender, iliyobuniwa na Warren Center na kuanza kuuzwa mwaka 1967 na kampuni ya Thompson/Center ya Rochester, New Hampshire, Marekani. Ni bastola ya risasi moja. Mtutu wake unakunjika kwenye bawaba kama bunduki za ndege za mitutu miwili. Ondoa mti wa mbele, sukuma pini ya bawaba, mtutu unatoka. Weka mwingine, rudisha pini. Kwenye nyundo kuna kichagulio, kwa sababu risasi ndogo ya .22 inagongwa ukingoni ambako kemikali yake ya kuwasha imewekwa, na risasi kubwa inagongwa katikati penye fataki. Fremu moja inaweza kubeba mtutu wa .22 leo na mtutu wa risasi ya kuwindia kesho.

Uhuru huo una mpaka, na mpaka wake ni ile hesabu yetu. Risasi ya .22 ndefu ina mgandamizo wa juu wa kilo 17 hivi kwa kila milimita ya mraba, na ganda lake lina eneo la milimita za mraba 26: fremu inasukumwa kwa kilo 440 hivi. Risasi ya .30-30, ya kuwindia, ina mgandamizo wa kilo 30 hivi juu ya milimita za mraba 90, na hapo tunafika tani 2.7. Risasi ya .308 inabeba kilo 44 hivi juu ya milimita za mraba 112, karibu tani 5. Hesabu hizi zinakuza kidogo, maana eneo la ndani ya ganda ni dogo kuliko la nje na shaba inashika kuta, lakini uwiano wake ni wa kweli. Contender ilitengenezwa kwa .30-30. Haikutengenezwa kwa .308. Kampuni ilipotaka kuziingia risasi hizo kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ilijenga fremu nyingine, Encore, nene na nzito zaidi, na ikahakikisha kwamba mitutu ya Encore haiwezi kupachikwa kwenye Contender. Naona huo ni uhandisi wa heshima: kosa lisiloweza kufanyika ni bora kuliko onyo lililoandikwa kwenye karatasi.

Fremu inayokunjika ina tabia yake nyingine. Mzigo unapita kwenye pini ya bawaba upande mmoja na uso wa fremu nyuma ya ganda upande mwingine, na kati yao fremu inavutika. Inavutika kweli, kidogo sana, kisha inarudi, kama chuma chochote kilichobaki ndani ya uwezo wake. Ukiizidisha mara nyingi hairudi yote. Pengo kati ya mtutu na uso wa fremu linapanuka kwa sehemu za mia za milimita, bolti ndogo za kufungia zilizo chini ya mtutu zinalegea, pini ya bawaba inapata mchezo. Ndiyo sababu mafundi wa bastola hizi wana pini na bolti zenye ukubwa uliozidi kidogo, za kufidia kilicholika. Kwa fremu ya zamani, kazi ya kwanza ni kuipima yenyewe kabla ya kuutazama mtutu mpya.

Nimevutiwa zaidi na namna Contender ilivyotatua suala la shabaha. Vilengeo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, au darubini kama ipo, vimefungwa juu ya mtutu wenyewe. Mtutu ukiondolewa unaondoka na vilengeo vyake, na ukirudishwa unarudi na mwelekeo wake karibu vilevile, hata kama fremu imeuachia uchezaji mdogo. Silaha ambayo kilengeo cha nyuma kiko kwenye fremu na cha mbele kwenye mtutu haina bahati hiyo. Kila ufungaji ni kulenga upya kuanzia mwanzo.

Mashindano ya bastola huru ya meta 50 yalidai usahihi kuliko yote. Duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 5, mkono ni mmoja, hakuna kuegemea. Mchezo huo ulikuwa kwenye Olimpiki hadi Rio 2016, ambako Jin Jong-oh wa Korea Kusini aliushinda kwa mara ya tatu mfululizo, kisha ukaondolewa. Na ndani ya bastola maarufu za mchezo huo, zile za Hämmerli za Lenzburg, Uswisi, kulikuwa na kizibo cha Martini: wenzo unavutwa, kizibo kinashuka, risasi moja inaingia. Uvumbuzi uliobeba gramu 31 za risasi ya vita katika karne ya 19 ukaishia kubeba gramu 2.6 za .22. Fremu pale haikuhofiwa kupasuka hata kidogo. Kilichotakiwa ni utulivu: kizibo kifunge palepale kila mara, ukingo wa ganda wenye unene wa milimita moja ukae bila mchezo, pini igonge nguvu ileile. Ukingo ukiwa na mchezo, sehemu ya pigo la pini inapotea kulisogeza ganda mbele, kuwaka kwa baruti kunabadilika kidogo, na kwa umbali wa meta 50 badiliko hilo linaonekana kwenye karatasi.

Kuhusu chuma chenyewe nina machache, ingawa mkoa wetu wa Kagera una haki ya kuyasema kwa kujivunia. Katika wilaya hii ya Bukoba, pale Kemondo, wanaakiolojia walichimbua tanuri za kuyeyushia chuma za zama za kale za chuma, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba ufundi wa Wahaya, wenye mirija ya kupulizia hewa iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, uliweza kutoa chuma chenye kaboni. Maelezo yao juu ya joto la tanuri hizo yalizusha mjadala mrefu baina ya wataalamu. Lakini bonge linalotoka kwenye tanuri ya namna hiyo lina kaboni nyingi mahali fulani na kidogo mahali pengine; mhunzi analikunja na kulifua mpaka liwe jembe au mkuki. Mtutu haukubali madoa hayo. Unadai chuma chenye mchanganyiko mmoja kuanzia ncha hadi ncha, kwa sababu gesi hutafuta sehemu dhaifu na kuipata. Chuma cha pua kilichotengenezwa viwandani kwa mchanganyiko mmoja, kwa njia zilizoenea baada ya miaka ya 1850, ndicho kilichowezesha mitutu ya baruti isiyo na moshi.

Kazi kubwa kuliko zote ya kufunga mitutu kwenye miili mipya katika nchi hii ilifanyika Dar es Salaam, wiki chache baada ya mapigano ya Bukoba. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 11, 1915 baada ya kupigwa na manowari za Waingereza Severn na Mersey. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa majini na kuvutwa hadi Dar es Salaam, na karakana za reli zikaitengenezea magurudumu.

Tatizo la fizikia lilikuwa lilelile, limekuzwa tu. Kombora la kilo 17 likiondoka kwa kasi ya karibu meta 700 kwa sekunde linaurudishia mzinga msukumo ambao lazima uende mahali fulani. Mtutu wenye uzito wa tani moja na nusu hivi ungerudi nyuma kwa karibu meta 8 kwa sekunde kama ungeachwa huru. Melini, msukumo huo unapokelewa na sitaha, sitaha inaupeleka kwenye meli nzima ya maelfu ya tani, meli inautupa baharini. Nchi kavu kuna gari la magurudumu na udongo. Mafundi wa reli, waliozoea mabehewa, walilazimika kubuni mwili utakaopokea pigo hilo bila kupinduka na bado uvutike na watu porini. Walifaulu; mizinga hiyo ilifyatuliwa katika kampeni iliyobaki, na mmoja ulipandishwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika. Uhusiano wa mtutu na kizibo chake haukuguswa, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufaulu: sehemu yenye vipimo vya mia za milimita iliachwa kama ilivyotoka kiwandani, ubunifu ukafanyika pale ambapo sentimita ilitosha.

Upande wa pili nao ulifanya hivyohivyo. Meli ya Uingereza Pegasus ilizamishwa na Königsberg hiyohiyo bandarini Zanzibar, Septemba 20, 1914, na mizinga yake ikaopolewa na kupewa miili ya nchi kavu. Mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg imehifadhiwa pamoja Fort Jesus, Mombasa.

Silaha iliyobadilishwa mtutu haiaminiwi kwa maneno ya fundi. Tangu zamani Ulaya kuna nyumba za kujaribia, ya Chama cha Watengeneza Bunduki wa London iliyoanza karne ya 17 na ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813, ambako silaha hufyatuliwa risasi iliyozidishwa nguvu makusudi, mfyatuaji akiwa amejikinga, kisha hupimwa tena. Ikipita inapigwa mhuri. Mtutu mpya kwenye fremu ya zamani ni silaha mpya machoni pa wajaribu, na hurudishwa kupimwa upya. Sheria nayo inaitazama hivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inautaja mtutu na fremu, kila kimoja kwa nafasi yake, kuwa sehemu za silaha zinazopaswa kudhibitiwa; Itifaki ya Nairobi ya 2004 iliileta hoja ya kuzitia silaha alama katika ukanda huu wetu, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Katika mkoa ulioonja vita vya 1978 na 1979, na ambao mipaka yake imepitisha silaha nyingi, sioni ukali wowote uliopitiliza katika hilo. Kazi ya mitutu ni ya fundi mwenye leseni, geji mkononi.

Kuna kazi nyingine ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya bila leseni wala chombo, nayo ni kusoma. Bunduki za zamani ziko katika makumbusho na katika mabaki ya majumba ya watawala kote Afrika Mashariki, na vibao vyake mara nyingi vina mwaka mmoja tu. Ukisimama mbele ya Martini, tazama ubavu wa fremu: kuna taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda na mwaka. Huo ni mwaka wa fremu. Kisha tazama mtutu, ambao una mihuri yake, na mdomo wake: tundu linaloweza kupokea ncha ya kidole kidogo ni la Henry, tundu lenye upana wa penseli ni la .303. Fremu ikisema miaka ya 1870 na mtutu ukawa wa penseli, unatazama vitu viwili vya nyakati mbili, na kibao kinapaswa kutaja miaka yote miwili.